Mchanga Mtakatifu wa Worms: Somo juu ya Makaburi ya Kale ya Wayahudi

Mji wa Worms katika Ujerumani twaujua, kwa kuwa ndiko Martin Luther aliposimama mbele ya Kaisari mwaka 1521, akakataa kuyakana maandiko yake. Lakini nje ya ukuta wa kale wa mji ule pana mahali pengine, palipokuwa pa kale hata siku zile za Luther. Ni makaburi ya Wayahudi, yaitwayo Mchanga Mtakatifu. Katika Ulaya yote hayajulikani makaburi ya Wayahudi ya kale kuliko haya yaliyosalia mahali pake. Jiwe la kwanza ambalo maandishi yake yangali yasomeka ni la mwaka 1058 hivi. Na mawe yote ni kama 2,500.

Je, yamedumuje miaka hiyo yote? Kwanza, kwa imani ya Wayahudi wenyewe. Kwao kaburi ni la maiti hata siku ya ufufuo. Halifukuliwi ili azikwe mwingine. Kwa hiyo mahali pa kuzikia hupaita "Nyumba ya walio hai". Twasoma katika Mwanzo 23 jinsi Ibrahimu alivyokataa kupewa kaburi la Sara bure, akalipa shekeli 400 za fedha, ili liwe milki yake kweli.

Upendo huo twauona katika Worms pia. Rabi Meir wa Rothenburg, mwalimu mkuu, alikufa kifungoni mwaka 1293, na wakubwa wakauzuia mwili wake miaka 14. Mwaka 1307 Alexander ben Salomon Wimpfen akaukomboa kwa mali yake, akataka neno moja tu: azikwe kando ya mwalimu. Hata leo wamelala pamoja, na wageni huweka vijiwe juu ya makaburi yao, ishara ya kwamba hawakusahauliwa.

Lakini yako na mambo ya kututia haya. Mwaka 1096 watu waliojiita askari wa msalaba waliwaua Wayahudi wa Worms kwa mamia. Na mwaka 1349, wakati wa tauni, wakauawa tena. Luther naye, mwaka 1543, aliandika kwamba masinagogi yao yachomwe moto. Mwaka 1938 sinagogi la Worms lilichomwa kweli, na mwaka 1942 Wayahudi waliobaki mjini wakachukuliwa kwenda kuuawa. Makaburi yakasalia, lakini watoto wa kuyatunza hawakuwapo tena.

Basi nani ayatunze? Mwaka 1957 serikali kuu ya Ujerumani na serikali za majimbo zilipatana kulipa gharama za makaburi ya namna hii yaliyoachwa yatima. Kazi yenyewe ni ya saburi. Maji huingia katika jiwe, na wakati wa baridi huganda na kulipasua. Mizizi ya miti nayo hulisukuma. Kwa hiyo wataalamu hupiga picha na kunakili maandishi kabla hayajafutika, wala hawaruhusiwi kuwasumbua waliolala chini. Mwaka 2021 Mchanga Mtakatifu uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia.

Nasi Walutheri tuna deni hapa. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa waziwazi maneno yale makali ya Luther, likaungama huzuni yake mbele ya Wayahudi. Kuungama ni vema. Lakini kulitunza kaburi la mtu ambaye baba zetu walimchukia ni kuungama kwa mikono. Maiti hawezi kulipa, wala hawezi kushukuru. Ndiyo sababu tendo hilo huonyesha mioyo yetu ilivyo.

Maswali ya kutafakari:
1. Kwa nini Ibrahimu hakukubali kupewa kaburi bure?
2. Wimpfen alilipa nini, naye alipata nini?
3. Karibu nasi yako makaburi gani yasiyo na mtu wa kuyatunza, nasi tuyafanyieje?