Pontuni Kubwa au Ndogo? Anza na Ziwa Lako

Boti ya pontuni ni sakafu pana iliyokaa juu ya mapipa marefu ya alumini, mawili au matatu. Chimbuko lake ni Minnesota, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima Ambrose Weeres wa mji wa Richmond aliweka jukwaa la mbao juu ya mapipa ya chuma akaliteremsha ziwani. Leo zinauzwa za kila kimo, na wanunuzi wengi hukimbilia kubwa kwa kuwaza siku ya sherehe. Tafadhali anza kwa kuyatazama maji utakayoendea.

Maji yenyewe

Ziwa dogo lililozungukwa na miti halina mawimbi ya kutisha. Pontuni ya futi 16 hadi 18 inatosha kabisa. Kwenye ziwa pana lenye upepo, boti fupi hugonga kila wimbi na kurusha maji hadi kwenye viti. Hapo tafuta futi 22 au zaidi, ikiwezekana yenye mapipa matatu, maana hutulia zaidi.

Uzito wa kubeba

Mzigo wote hubebwa na mapipa. Pipa la kipenyo cha sentimita 58 na urefu wa mita 5 likizama lote huweza kubeba takriban kilo 1,300. Mawili, kilo 2,600. Lakini mapipa hayatakiwi kuzama zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu halisi inarudi kwenye kilo 1,300. Humo toa mapipa yenyewe, sakafu, viti, mashine na mafuta; kinachobaki ndicho cha watu na mizigo yao. Mapipa mawili ya sentimita 63 na urefu wa mita 7, kwa hesabu hiyohiyo, hufikia kilo 2,200. Soma pia bamba la uwezo karibu na usukani, wala usiuzidi uwezo huo hata kwa mtu mmoja.

Gharama zinazofuata

Boti ndogo huenda vizuri kwa mashine ya nguvu za farasi 40 hadi 60. Kubwa ya mapipa mawili huhitaji 90 au 115, na ya mapipa matatu mara nyingi 150 kwenda juu. Mafuta nayo hupanda. Boti kubwa pamoja na trela yake huweza kuzidi kilo 1,500, basi hakikisha gari lako linaruhusiwa kuvuta uzito huo. Pima nafasi yako gatini, na uulize kama ziwa lina kikomo cha nguvu za mashine.

Usalama haubagui kimo

Watu wakijazana omoni, mapipa huchimba maji na boti huenda mrama. Wagawe sawasawa. Asikae mtu mbele ya geti la omoni boti ikitembea: akianguka, boti humpitia juu na rafadha iko nyuma inamsubiri. Kila abiria awe na jaketi lake la kuokolea, na watoto walio chini ya miaka 13 walivae muda wote wa safari.

Uamuzi

Hesabu watu unaotoka nao wikendi ya kawaida, ongeza wawili, kisha chagua boti ya idadi hiyo. Siku ya wageni wengi, kodi kubwa. Lakini kama ziwa lako lina upepo mkali, nunua kubwa hata kama mko wanne tu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mkaijaribu mkiwa na abiria kamili, siku yenye upepo.