Kichocho: Damu Hukoma, Makovu Hubaki
Kwa mkulima wa mpunga wa Lusu, wilayani Nzega, maji ya jaruba na lambo ni riziki. Yaweza pia kuwa makazi ya konokono wanaoeneza kichocho. Vimelea hupenya ngozi, hukomaa kuwa minyoo, kisha hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Hata hivyo, kinachoharibu kibofu zaidi ni mayai, kila moja likiwa na mwiba nchani. Mengi hayatoki na mkojo, bali hunasa ukutani na kuzusha makovu. Kibofu hukakamaa, haja ndogo huja mara kwa mara kwa maumivu, na figo huweza kudhurika. Baada ya miaka mingi hata saratani yaweza kuzuka.

Basi mkojo wa damu wa mvulana si dalili ya kubalehe, kama wengi walivyodhani. Mkojo wa kupimwa utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, wala si michanga. Kibofu cha mtoto aliyetibiwa mapema huweza kupona. Makovu ya mtu mzima hayaondolewi na vidonge. Akiendelea kuona damu baada ya matibabu, apelekwe hospitali achunguzwe kibofu na figo kwa ultrasaundi.