Kuganda au Kunaswa? Istilahi ya Elektroni katika Uga wa Sumaku

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi umetawaliwa mno na madai ya jumla. Makala hii inachukua dhana moja tu ya fizikia na kuuliza iitweje.

Nusukipitishi, yaani kitu kisichopitisha umeme vyema kama shaba wala kuuzuia kabisa kama kioo, huongezewa uwezo kwa kutiwa atomu chache za elementi ngeni. Tuchukue fuwele ya indiamu antimonidi iliyotiwa teluriamu. Kila atomu ya teluriamu huleta elektroni moja ya ziada, nayo huishikilia kwa ulegevu mno: mzingo wake una nusukipenyo cha takribani nanomita 60, zaidi ya mara 1,000 ya ule wa atomu ya haidrojeni. Mizingo mipana hivyo hupandiana hata atomu ngeni zikiwa haba. Ndiyo maana fuwele hii huendelea kupitisha umeme hata ikizamishwa katika heliamu ya majimaji, kwenye kelvini 4.2.

Ikiwekwa sasa katika uga wa sumaku wenye nguvu, mambo hugeuka. Uga huibana mizingo hiyo. Mizingo huachana, na kila elektroni hushikwa imara zaidi na atomu yake. Elektroni huru hupungua, ukinzani hupanda mara nyingi. Yafet, Keyes na Adams waliieleza nadharia ya kubanwa huku mwaka wa 1956.

Kwa Kiingereza tukio hili limepewa jina lenye picha ya kuganda, lililoazimwa kutoka tukio jingine ambamo baridi ndiyo huzirudisha elektroni kwenye atomu. Tafsiri sisisi ingepotosha, kwani hapa halijoto haikubadilika. Kilichobadilika ni uga. Mtetezi wa <i>kuganda</i> atasema kwamba kitenzi hicho pia humaanisha kushikamana, kama kupe agandavyo ngozini. Hoja hiyo ina uzito, ila msomaji wa maabara yenye heliamu atafikiria barafu kwanza.

Napendekeza <i>kunaswa</i>. Kitenzi hiki kina mtegaji na mtegwa, na mnyambuliko wake unafaa: halijoto ikipanda, elektroni <i>hunasuka</i>. Kwa kuwa kasoro za fuwele nazo hunasa elektroni, <i>unasaji-sumaku</i> ungetenganisha dhana hizo mbili.