FURAHA YA MTOTO NA TENDO DOGO LA MAPENDO

Kusudi la somo: Kuwaonyesha wakristu ya kuwa furaha ya kila siku haingoji mambo makubwa. Hutoka katika moyo unaostaajabia kazi za Mungu, na katika mkono unaomtendea jirani mema.

1. Mfano

Mvua za kwanza zikinyesha mjini Lubumbashi, kumbikumbi, ambao wenyeji huwaita inswa, huruka jioni na kuzizunguka taa. Mtu mzima apitaye njiani huinamisha kichwa, akiwaza bei ya unga na makala. Watoto hutoka mbio na mabeseni, wakicheka kana kwamba mbingu imewafungulia ghala.

Mtoto mmoja wa Katuba alijaza beseni lake. Alipogeuka kwenda kwao, aliuona mlango wa jirani umefungwa. Humo alikaa mjane mzee, mgonjwa wa miguu. Mtoto akabisha: «Hodi, kambo! Inswa wamekuja. Hawa ni wako.» Akammiminia nusu nzima. Usiku ule mjane hakula peke yake, kwa maana mtoto aliketi naye mpaka wakaanga na kula pamoja.

2. Mafundisho

Watu wengi walipita mbele ya mlango ule. Kwa nini mtoto peke yake aliuona? Kwa sababu macho yake yalikuwa wazi. Astaajabuye hutazama, naye atazamaye humwona jirani. Mtu aliyezoea kila kitu husema: «Ni mvua tu, ni inswa tu.» Mwisho husema: «Ni mjane tu.» Hapo moyo umekwisha kuwa mgumu.

Somo hili halisemi ya kuwa taabu si kitu. Baba asiyepata mshahara na mama mwenye mtoto mgonjwa wanabeba mzigo wa kweli. Lakini mkristu asingoje taabu zake ziishe ndipo aanze kupenda. Mitume walipobishana juu ya ukubwa, Yezu Kristu aliweka mtoto katikati yao. Tena alipoahidi thawabu, hakudai pipa la maji: kikombe kimoja cha maji baridi chatosha.

3. Mfano wa Mwenye Heri Anuarite

Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939. Aliweka nadhiri zake Bafwabaka tarehe 5 Agosti 1959, katika shirika la Masista wa Jamaa Takatifu. Kazi zake zilikuwa za kawaida: kutunza sakristia, kusaidia jikoni, kufundisha watoto shuleni. Nia yake ilikuwa kutumikia na kuwafurahisha wenzake.

Tarehe 1 Desemba 1964, huko Isiro, mkuu mmoja wa waasi walioitwa Simba alitaka kumshurutisha avunje nadhiri yake ya usafi. Alikataa, akauawa, naye alimsamehe yule aliyempiga. Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985.

Je, moyo wa kusamehe hivyo ulizaliwa usiku ule mmoja? Sivyo. Ulikuzwa siku kwa siku, jikoni na darasani, katika matendo ambayo hakuna aliyeyahesabu. Asiyeweza kumsamehe mwenzake sahani iliyovunjika, atamsameheje mwuaji?

4. Azimio

Kila jioni, kabla ya sala ya usiku, kila mmoja wa jamaa aseme mambo mawili: kitu kimoja alichostaajabia siku ile, na mtu mmoja aliyemtendea mema. Asiye na la kusema asikemewe. Kesho aanze tena.

Maulizo

Ulizo: Furaha ya kila siku hutoka wapi?
Jibu: Hutoka katika kustaajabia kazi za Mungu na kumtendea jirani mema.

Ulizo: Je, furaha hiyo huondoa taabu?
Jibu: Haiondoi taabu, bali hutuzuia tusifungwe nayo tukamsahau jirani.

Ulizo: Kwa nini matendo madogo si ya kudharauliwa?
Jibu: Kwa sababu ndiyo yanayoutayarisha moyo kwa siku ya jaribu kubwa.