TABIBU HANS SLOANE NA HAZINA YAKE

Huenda mmesikia habari za Jumba la Makumbusho la Uingereza lililoko London. Vingi vya vitu vyake vya mwanzo vilikuwa mali ya mtu mmoja, tabibu Hans Sloane. Katika somo hili tutaangalia vitu hivyo vilipatikanaje, kwani ndani ya habari hii yumo pia hafidhi wa Qur'ani kutoka Afrika Magharibi.

Sloane alizaliwa Ireland mwaka 1660. Mwaka 1687 alikwenda Jamaica akiwa tabibu wa gavana. Gavana alifariki mwaka uliofuata, na mwaka 1689 Sloane akarejea London na aina zipatazo 800 za mimea iliyokaushwa. Hakuipata peke yake. Watumwa wa Kiafrika walimwonyesha mimea na matumizi yake, lakini majina yao wengi hatuyajui.

Mwaka 1695 alimwoa mjane wa mwenye mashamba ya miwa huko Jamaica. Mapato ya mashamba hayo, yaliyolimwa na watumwa, pamoja na ada za wagonjwa wake matajiri, yalimwezesha kununua hata mikusanyo ya watu wengine: wadudu, makombe, sarafu, vitabu na hati za lugha nyingi, Kiarabu kikiwemo.

Nani angemsomea Kiarabu hicho? Mwaka 1733 alifika London Ayuba Suleiman Diallo, mtoto wa mwanachuoni wa Bundu, sehemu iliyo katika Senegal ya leo. Alikuwa ameuzwa utumwani Maryland, Marekani, na barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu ndiyo iliyosababisha akombolewe. Huko London aliandika misahafu mitatu kwa kichwa, bila ya kutazama popote! Sloane alimpa hati na maandishi ya sarafu ayafasiri, kisha akamfikisha mbele ya familia ya kifalme. Mwaka 1734 Ayuba alirejea kwao. Wala tusifiche: safari aliyokamatwa ndani yake alikuwa amekwenda kuuza watu wawili.

Sloane alifariki Januari 1753, akiacha vitu zaidi ya 71,000. Aliusia taifa lipewe vyote, kwa sharti warithi wake walipwe pauni 20,000. Bunge likakubali, likapitisha sheria mwaka huohuo, na fedha zikapatikana kwa bahati nasibu. Milango ilifunguliwa tarehe 15 Januari 1759. Kuingia ilikuwa bure, ila mtu alitakiwa kwanza kuomba tiketi kwa maandishi, na hilo liliwazuia wengi.

Baadaye mkusanyo uligawanywa. Mimea na wanyama walihamishiwa Makumbusho ya Viumbe na Mali Asili yaliyofunguliwa mwaka 1881, na vitabu vikaingia Maktaba ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1973. Mimea ile ya Jamaica ingali ipo, imebandikwa kurasani, na wataalamu huitumia hadi leo.

Mwaka 2020 sanamu ya kichwa cha Sloane iliondolewa mahali pake pa heshima, ikawekwa ndani ya kabati la kioo pamoja na maelezo ya utumwa uliomtajirisha.