KUHIFADHI MSITU, KUHIFADHI MANENO: VIJANA, WAZEE NA KAYA KATIKA PWANI YA KILIFI NA MALINDI

Utangulizi

Kitenzi "hifadhi" kilitoka Kiarabu na kuingia katika Kiswahili kikiwa na maana mbili. Ya kwanza ni kulinda kitu kisiharibike wala kupotea. Ya pili ni kukitia kitu moyoni, kama mwanafunzi wa chuo anavyoihifadhi Kurani hata akaweza kuisoma bila msahafu. Katika maandishi ya mazingira maana ya kwanza ndiyo iliyotamalaki: hifadhi ya msitu, eneo la hifadhi, mhifadhi. Maana ya pili imeachiwa wanavyuoni.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika misitu ya pwani, kuanzia Rabai hadi Malindi, maana hizi mbili hazijawahi kutengana, na kwamba ushirika wa vijana katika kuhifadhi misitu unayumba pale maana ya pili inaposahauliwa. Ushirika unaosifiwa sana siku hizi ni ule wa vijana na mashirika. Ulio muhimu zaidi, na ulio dhaifu zaidi, ni ule wa vijana na wazee wao.

Kaya na lugha yake

Kwa msomaji wa Kiswahili sanifu, kaya ni jamaa wa nyumba moja, wale wanaohesabiwa pamoja siku ya sensa. Kwa Wamijikenda, kaya ni mji wa asili uliozungukwa na msitu mnene. Masimulizi yao hueleza kwamba wahenga waliotoka Shungwaya, upande wa kaskazini, walijenga miji hii juu ya vilima vya nyuma ya pwani ili kujikinga na maadui. Njia za kuingilia zilikuwa chache, zikipita katika malango, na fingo ya kuulinda mji ilizikwa mahali palipojulikana na wachache. Katika karne ya 19 watu walianza kutawanyika kwenda kulima nje ya kaya, lakini msitu ulibaki kwa kuwa makaburi, maombi na baraza la wazee, yaani kambi, vilibaki humo.

Ulinzi wa msitu huo ulikuwa wa maneno. Hapakuwa na ua wala askari. Palikuwa na miiko: mti usikatwe, njia nyingine isipitwe, mgeni asiingie bila idhini. Hadi leo, katika kaya nyingi, mgeni huvua viatu na kujifunga kaniki kabla ya kuingia. Aliyevunja mwiko alitozwa mnyama wa kafara, na maneno maalumu yalisemwa ili kuyarudisha mambo mahali pake. Mtafiti wa fasihi simulizi atatambua hapa utanzu kamili wenye fanani wake, hadhira yake na mahali pake pa kutendewa. Kinachoutofautisha na tanzu nyingine ni kwamba matokeo yake yanapimika kwa hekta. Wataalamu wa mimea waliozipima kaya katika miaka ya 1980 walikuta humo mimea adimu ambayo mashambani na vijijini ilikwisha kutoweka.

Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya 10 katika Orodha ya Urithi wa Dunia, zikiwemo kaya za Giriama, Kauma, Jibana, Kambe, Ribe na Rabai. Habari hiyo inajulikana na kutajwa kwa fahari. Isiyotajwa sana ni ya mwaka uliofuata. Mwaka 2009 UNESCO iliziingiza mila na desturi zinazohusiana na kaya hizo katika orodha nyingine, ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Msitu umepewa heshima, na maneno yaliyoulinda yametangazwa kuwa mahututi. Mwanafunzi wa semantiki hahitaji mfano bora kuliko huo wa maana mbili za "hifadhi" kuandikwa katika orodha mbili mbalimbali, kana kwamba moja yaweza kuishi bila ya pili.

Wakoloni, kwa njia yao, walilielewa jambo hili. Mekatilili wa Menza alipowaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, silaha yake ya kwanza ilikuwa kiapo kilichofungwa kaya. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa mbali huko Kisii, wakatoroka na kurejea pwani. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Hailipuliwi kaya kwa sababu ya miti yake. Yafaa pia kukumbuka kwamba Mekatilili wakati huo hakuwa msichana. Alikuwa mjane wa makamo aliyefuatwa na vijana. Huo nao ulikuwa ushirika wa vijana na wazee.

Arabuko-Sokoke: msitu wa sheria na mshahara

Kati ya miji ya Kilifi na Malindi umelala msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 420. Ndio msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Humo mna mirihi na mihugu, bundi mdogo wa Sokoke, na yule panya-tembo mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu. Tofauti na kaya, msitu huu ulilindwa kwa sheria za serikali. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi wanavijiji waliuona kuwa mali ya watu wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wao walitaka ukatwe ili wapate mashamba, na tembo waliotoka humo kuvamia mahindi hawakuwasaidia kubadili mawazo.

Jitihada zilizofuata zilijaribu kuufanya msitu ulipe. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 huko Gede, uliwafundisha wakulima kufuga viwavi na kuuza vifukofuko vya vipepeo kwa maonyesho ya ng'ambo. Shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka 2001 mpango wa ASSETS wa kuwalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu, sehemu ya fedha ikitokana na watalii wanaopita juu ya mikoko ya Mida kwa daraja la mbao na kamba. Wachongaji wa vinyago, waliokuwa wakiutegemea mhugu, walihimizwa kuchonga mwarobaini ambao huota haraka na uko kila mahali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliwaruhusu wanajamii kuunda vyama vya kushirikiana na serikali katika kusimamia misitu, na ile ya mwaka 2016 ikaliendeleza jambo hilo.

Haya ni mafanikio ya kweli, na atakayeyabeza ajiulize karo ile ingelipwa na nani. Hata hivyo ushirika unaosimama juu ya malipo pekee hutetereka malipo yanapokatika. Mvua ziliposhindwa misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, vijana wengi wa Ganze na Magarini walikimbilia tanuri za makaa. Walikuwa wamekwisha kusoma juu ya mazingira shuleni. Walikuwa na njaa pia, na hakuna makala ya lugha itakayolifuta hilo. Lakini inafaa kuuliza walikuwa wamefundishwa kwa maneno gani.

Istilahi na masikio ya msikilizaji

Maneno yanayotumika kuwaita vijana katika kazi hii ni yale ya semina: mabadiliko ya hali ya hewa, bayoanuwai, hewa ya ukaa. La kwanza lina tatizo la wazi. Hali ya hewa ndiyo inayotangazwa redioni baada ya taarifa ya habari; hubadilika asubuhi na jioni. Mkulima wa Vitengeni akiambiwa kwamba hali ya hewa inabadilika hataona ajabu, maana ndiyo kazi yake. Istilahi "tabianchi" imeundwa vizuri zaidi. Tabia ya mtu ikibadilika, jamaa hukusanyika. Neno hilo linabeba muda mrefu na wasiwasi, na linaafikiana na kalenda ya pwani ya kaskazi na kusi, ambayo kila baharia na mkulima anaijua. Ajabu ni kwamba nchini Kenya bado linaonekana la kigeni, lililoletwa kutoka Tanzania, na walimu wengi hulikwepa.

"Hewa ya ukaa" ni neno lenye utajiri usiotumiwa. Shina lake ni kaa, lile la kaa la moto, na ndilo lililozaa mkaa na makaa. Kijana anayepanga magogo ndani ya tanuri huko Magarini anaujua ukaa kwa mikono yake: ndicho kile cheusi kinachobaki gunia linapofungwa. Kumweleza kwamba mti ulikuwa umeuvuta ukaa huo kutoka hewani kwa miaka mingi, na kwamba gunia likichomwa jikoni mjini ukaa unarudi hewani, ni kazi ya dakika tano kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza cha kitabu cha shule huwa sura nzima, nayo hukaririwa kwa ajili ya mtihani.

Mfano wa mikoko ni mzito zaidi kwa sababu unagharimu miti. Katika hotuba za upandaji miti, vyote vinavyoota katika maji ya chumvi huitwa mikoko. Wavuvi na mafundi wa vyombo wa Mida hawasemi hivyo. Kwao mkoko ni mmoja tu. Kuna pia mkandaa, mchu, mlilana, msindi na mkomafi, na kila mmoja una mahali pake na kazi yake. Mlilana husimama mbele, ukipigwa na bahari. Mkandaa hukaa nyuma, karibu na nchi kavu. Mbegu ndefu za mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka topeni, kwa hiyo vikundi vingi duniani vimepanda mkoko kila mahali, hata palipokuwa pa mlilana, na miche ikafa. Jina lililopotea hapo lilikuwa elimu ya mahali. Kijana aliyelelewa na fundi wa boriti na nguzo angelikuwa mshauri bora wa kikundi, iwapo angeliulizwa. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hewa ya ukaa tangu 2013 na kuitumia fedha kwa maji na shule. Miradi kama hiyo inadai vipimo, na hakuna kipimo kabla ya jina.

Wazee wanaoogopwa

Hapa ndipo penye donda. Wenye majina na miiko ni wazee, na katika kaunti ya Kilifi kuwa mzee kumekuwa jambo la hatari. Kwa miaka mingi vyombo vya habari, polisi na watetezi wa haki wameripoti mauaji ya wazee wanaoshukiwa kuwa wachawi, na mara nyingi washukiwa wa mauaji hayo ni vijana, wakiwemo jamaa zao wenyewe. Mvi zimetosha kuwa ushahidi. Wanaolichunguza suala hili hutaja sana ugomvi wa ardhi: mzee akiondoka, shamba hugawiwa au kuuzwa. Haidaiwi hapa kwamba lugha ndiyo inayoua.

Inadaiwa tu kwamba lugha imeacha kuzuia. Katika Kigiriama, uganga na utsai ni vitu viwili vinavyopingana. Mganga huponya na kulinda, mtsai hudhuru. Fingo, kafara na maombi ya kaya viko upande wa ulinzi. Lakini katika Kiswahili cha mtaani na cha mimbari nyingi, vyote hivyo hutiwa katika kapu moja liitwalo uchawi. Kijana aliyekua ndani ya kapu hilo akimwona babu yake anaingia msituni peke yake na kaniki begani, ana neno moja tu la kumwitia. Tofauti iliyokuwa katika msamiati wa bibi haimo katika wake.

Kukatika huko kunaonekana pia katika vigango, nguzo za mbao zinazochongwa kuwakumbuka wazee wa Gohu waliofariki. Vimekuwa vikiibwa na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa hadi vikafika katika makumbusho ya Marekani, na waliovibeba usiku aghalabu walikuwa vijana wa jirani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na vingine vimerudishwa baadaye. Anayeweza kuuza ukumbusho wa babu wa jirani hatashindwa kuuza mhugu.

Huko Ganze, Kaya Godoma, inayohusishwa na chama cha utamaduni cha MADCA, imekuwa kimbilio la wazee waliotishiwa maisha. Kaya ilijengwa ili kuwakinga watu na maadui wa nje. Sasa inawakinga wazee na wajukuu. Mpango wowote wa kuwashirikisha vijana katika kuhifadhi misitu ya Kilifi ambao haugusi jambo hili unapanda mkoko mahali pa mlilana.

Nafasi ya mwanafunzi wa Kiswahili

Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na wanafunzi wengi wa Kiswahili katika vyuo vingine hutoka vijiji vilivyo karibu na kaya. Vyama vyao huandaa makongamano, tamthilia na mashindano ya ushairi. Kukusanya majina ya miti, ya pepo, ya udongo na ya miiko kutoka kwa wazee, pamoja na maelezo yake, ni kazi inayolingana na ujuzi wao kuliko kupanda miche siku ya sherehe. Kijana anayekaa saa mbili na mzee akiandika tofauti ya uganga na utsai hujifunza msamiati, na mzee naye huonekana na kijiji kizima akiwa mwalimu. Katika mazingira ya Ganze huenda jambo hili la pili likawa kubwa kuliko la kwanza.

Pana mpaka mmoja ambao utafiti wa fasihi simulizi umezoea kuuvuka bila kubisha hodi. Si kila neno la kaya limekusudiwa kuandikwa. Mahali pa fingo pakichapishwa katika jarida, fingo haipo tena. Orodha ya miiko yaweza kuwa ya wote, ilhali maneno ya kafara ni ya wenyewe. Mtafiti akifika na kinasa sauti chake, la kwanza kuulizwa kambi ni lipi liandikwe, lipi lihifadhiwe kwa ile maana ya zamani ya kitenzi hicho, moyoni mwa kijana mmoja au wawili watakaochaguliwa na wazee wenyewe.