Wino wa Dole Gumba

*Shangazi, nafanya kazi hoteli moja hapa Diani, na kwa miaka mitatu naandika riwaya ya familia iliyouza shamba la minazi karibu na ufuo. Kila nikifika pale shamba linapouzwa, wazo hugeuka. Mwanzo aliyeuza alikuwa baba wa kijana wa familia hiyo. Nikaona haipendezi, nikamweka amu yake, mwalimu. Sasa ni karani wa ardhi aliyeghushi karatasi. Kipande ambacho sijakigusa ni pale muuzaji anapopangusa wino wa dole gumba kwenye kikoi chake, maana wote waliokisoma wanakisifu. Je, niache nianze hadithi nyingine? Baba hajui kwamba naandika.*
*– Msanii, Ukunda*

Mwanangu,

Kama ungekuwa umekwama tu, dawa wazijua: weka mswada kando mwezi mzima, usome kwa sauti, umpe mtu asiyekuonea haya. Lakini wewe hukukwama.

Karani wa ardhi atatiaje dole gumba? Na mwalimu je? Hao kalamu ziko mfukoni. Muuzaji umemgeuza mara mbili, ukampa elimu na mshahara, ukasahau kumnawisha kidole! Wino ule ni wa mtu mmoja, na nadhani kikoi kile wakijua rangi yake. Tena barua ni ya riwaya. Baba yako amefuata nini mwisho wake?

Sikukemei kwa kubadilisha. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa *A Grain of Wheat* mwaka 1967, na katika miaka ya 1980, kitabu kikiwa na jina kubwa tayari, akakirudia akabadilisha mambo, kwa kuwa mtazamo wake juu ya wakulima na wapiganaji wa uhuru ulikuwa umebadilika. Unaweza kubishana kama alifanya vyema. Lakini kwake fikra ilitangulia, kalamu ikafuata. Kwako fikra iko palepale. Kilichobadilika ni mtu wa kubebeshwa lawama.

Hapo ndipo nakukemea. Sisi hufunzwa kumsitiri mzazi, nami naliheshimu hilo. Ila kumsitiri baba kwa kumsingizia amu si sitara. Hata karani wa kubuni usimtwike mzigo usio wake. Watu wa Diani, Tiwi na Msambweni wanajua mashamba hayakuondoka kwa njia moja. Yako yaliyokwenda kwa hila, na yako yaliyouzwa na mwenyewe, macho makavu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na shida isiyongoja. Ukimleta karani mwizi, msomaji atamlaani afunge kitabu. Ukimleta baba, itambidi aulize kwa nini, na wewe jibu huna. Nadhani ndiyo maana unamkimbia: hujawahi kumwuliza. Umemhukumu kimya kimya, kisha ukamwonea huruma kimya kimya, naye mzee wa watu hana habari kama kuna kesi.

Mswada usiuchane, na hadithi nyingine usianze. Nenda kwake Ijumaa baada ya chakula cha mchana, bila daftari. Usimwulize kwa nini aliuza. Mwulize siku ile alikuwa akidaiwa na nani. Pengine ni hospitali, pengine ni karo yako wewe. Akinyamaza, usiondoke. Chai ikiletwa, mmiminie wewe.